Kabla ya Kufungua Mtungi: Kumwandaa Ng'ombe Atakayebeba Kiinitete

Mfugaji aliyenunua kiinitete, yaani mimba changa ya siku chache, cha ng'ombe wa nyama aina ya Boran hujua vizuri dume lililozaa na mama aliyetoa yai. Ukimuuliza habari za ng'ombe atakayekibeba, ananyoosha mkono kuelekea zizini: "Wale pale, chagua unayemtaka." Mimba nyingi hupotea hapo, mtungi wa naitrojeni haujafunguliwa bado. Mimi ni mtaalamu wa mifugo wilayani Misungwi, ninafanya uhimilishaji (kupandisha kwa mrija wa mbegu) na uhawilishaji wa viinitete (kuvihamishia kwa ng'ombe mwingine), na neno langu kwa mfugaji wa ng'ombe wa nyama wa Kanda ya Ziwa ni moja. Kiinitete kizuri kinanunulika, ila mbebaji mzuri humpati kwa kununua. Utamtengeneza mwenyewe, na kazi hiyo inaanza miezi mitatu kabla ya siku ya kupandikiza.

Kwa ufupi kwa wageni wa jambo hili: ng'ombe bora hudungwa homoni ili atoe mayai mengi kwa mara moja, anahimilishwa, na siku ya 7 viinitete huoshwa kutoka kizazini kwa maji maalumu. Kila kimoja hupandikizwa kwa ng'ombe mwingine papo hapo, au hugandishwa kwenye mrija na kuhifadhiwa ndani ya naitrojeni ya kimiminika yenye baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri. Ndama wa kwanza wa njia hii alizaliwa Wisconsin, Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1950, na wa kwanza kutokana na kiinitete kilichogandishwa alizaliwa Uingereza mwaka 1973. Teknolojia yenyewe imeshajaribiwa vya kutosha. Kinachotuangusha huku kwetu ni matunzo.

Jambo jingine la kuelewana mapema ni matarajio. Kwenye shamba lenye usimamizi mzuri, viinitete vibichi vya daraja la kwanza hushika kwa ng'ombe 60 hadi 70 kati ya 100. Vilivyogandishwa hupungua kidogo, na vilivyotengenezwa maabara kwa kurutubisha yai nje ya mwili hupungua zaidi, hasa vikigandishwa. Kwa hiyo hata ukifanya kila kitu sawasawa, wapo watakaorudi kwenye joto, yaani watakaotaka dume tena kwa kuwa hawakushika mimba. Mtu akikuahidi mimba kwa kila ng'ombe, usimpe fedha yako.

Nani abebe

Tafuta ng'ombe aliyekwisha kuzaa, ikiwezekana uzao wa pili hadi wa nne, aliyezaa bila kuvutwa, mwenye kiwele kizima na mwenye kumpenda ndama wake. Mitamba, yaani majike ambao hawajawahi kuzaa, hushika mimba vizuri, hilo silikatai, lakini kumbuka kuwa ukubwa wa ndama unatokana zaidi na damu yake mwenyewe kuliko na mwili wa anayembeba. Ng'ombe wetu wa Kisukuma ni wavumilivu wa jua na kupe, ila umbo lao ni dogo. Mtamba wa Kisukuma akibebeshwa ndama wa aina kubwa ya Ulaya, siku ya kuzaa mtamwita daktari usiku wa manane, na huenda mkapoteza wote wawili. Boran au Sahiwal wanaendana naye zaidi, na hata hapo chagua mama mwenye nyonga pana. Angalia pia maziwa. Ndama wa Boran aliyezaliwa na mbebaji asiye na maziwa hatafikia uzito uliolipia, kwa hiyo mbebaji ambaye ndama wake wote waliopita walidumaa muache aendelee na maisha yake.

Awe amefikisha angalau siku 60 tangu azae, na awe ameonekana kwenye joto si chini ya mara moja. Hapa wafugaji wengi hukwama, kwa sababu ng'ombe anayenyonyesha ndama mchana na usiku huchelewa sana kurudi kwenye joto, na zebu, yaani ng'ombe wenye nundu kama wetu, huchelewa kuliko wengine. Tenga ndama, anyonye asubuhi na jioni tu, na mpe majani mazuri na maji huko aliko. Utaona mama anaamka.

Wako ambao nawakataa bila mjadala: aliyewahi kubakiza kondo la nyuma na kutoa uchafu kwa wiki kadhaa, anayerudi joto mara kwa mara akipandwa, na aliyetupa mimba bila sababu kujulikana. Huyo wa mwisho apimwe damu. Ugonjwa wa kutupa mimba, yaani brusela, upo kwenye mifugo yetu, na unamwambukiza pia binadamu kupitia maziwa mabichi na kupitia mikono ya anayemzalisha ng'ombe. Wakala ya Maabara ya Veterinari Tanzania ina kituo Mwanza, kwa hiyo sampuli ya damu haina safari ndefu. Kwa sababu hiyohiyo, usinunue mbebaji mnadani wiki hii ukataka apandikizwe mwezi ujao. Humjui alikotoka, hujui chanjo zake, na miezi miwili ya kumtenga na kumwangalia ni mahali pazuri pa kuanzia.

Chanjo zote, iwe ya miguu na midomo, homa ya mapafu au mapele ngozi, zimalizike mwezi mmoja au zaidi kabla ya kupandikiza. Homa yoyote, hata ya siku mbili, inaweza kuua kiinitete. Josho lisiachwe, maana ndigana kali, ugonjwa unaoletwa na kupe, haisubiri ratiba yako, ila siku ya kupandikiza na siku zinazofuata usiwakimbize joshoni.

Mwili, majani na mashudu

Kipimo cha hali ya mwili cha ng'ombe wa nyama kinakwenda 1 hadi 9. Unataka 5 au 6. Simama ubavuni mwa ng'ombe asubuhi kabla hajashiba. Ukiona mbavu mbili za mwisho zimejichora, yuko kwenye 4. Ukihesabu mbavu zaidi ya hizo na uti wa mgongo umesimama, yuko 3 au chini, na kiinitete ukiweka humo umekitupa. Mnene kupita kiasi naye ana shida zake, lakini sijakutana na wengi wa namna hiyo kwenye malisho ya Misungwi na Kwimba.

La muhimu kuliko alama yenyewe ni mwelekeo wake. Ng'ombe wa 5 anayepanda kutoka 4 ni bora kuliko ng'ombe wa 5 anayeshuka kutoka 6. Mwili unaopungua hupunguza homoni za uzazi, yai hupevuka vibaya, na projesteroni, ile homoni inayokituliza kizazi kishike mimba, huwa hafifu. Ndiyo maana nasema miezi mitatu. Huwezi kumjaza ng'ombe kwa wiki mbili ukamdanganya mwili wake.

Kalenda ya mvua ya huku inatusaidia tukiifuata. Vuli huanza Oktoba na kwenda hadi Desemba, masika ni Machi hadi Mei, na kuanzia Juni hadi Septemba nchi inakauka. Mimi napenda kupandikiza kuanzia mwishoni mwa Januari. Ng'ombe anakuwa amekula majani ya vuli na mwili unapanda, na ukihesabu miezi tisa mbele, atazaa mwanzoni mwa Novemba mvua ikiwa imerudi na maziwa yatapatikana. Unaweza kuendelea hadi Mei. Agosti na Septemba usiniite, isipokuwa kama una malisho ya kutosha uliyoyatunza. Wenye ngitili, yaani malisho yaliyotengwa, iliyofungwa vizuri tangu masika hao tunaweza kuzungumza, kwa sababu majani yaliyosimama pamoja na nyongeza kidogo ya protini humfikisha ng'ombe mbali.

Nyongeza hiyo kwetu ni mashudu ya pamba, kwa kuwa viwanda vya kuchambua na kukamua viko karibu. Ni chakula kizuri na wanenepeshaji wanakijua. Lakini kunenepesha maksai wa kwenda machinjioni na kumlisha mbebaji ni mambo mawili. Mbegu ya pamba ina sumu iitwayo gosipoli. Tumbo la ng'ombe mzima huidhibiti kwa kiasi, ila ikizidi inaweza kuathiri ukuaji wa kiinitete, na protini iliyozidi nayo hupandisha urea kwenye damu na kubadilisha mazingira ya kizazi. Kwa hiyo mashudu yawe kitoweo, majani yawe ndiyo chakula. Changanya na pumba za mahindi au za mpunga, anza taratibu, na usibadilishe mchanganyiko wiki ya kupandikiza. Magadi yanasaidia lakini hayatoshi. Weka jiwe la madini lenye fosforasi, shaba na seleniamu mahali pasipolowa mvua.

Mzee mmoja wa upande wa Usagara alinipigia simu akiwa na hasira. "Mayu (mama), viinitete vyako vimekataa vyote." Nilimsalimu shikamoo, nikamuuliza ng'ombe wanakunywa wapi. Akasema lamboni, na lambo la karibu limekauka, kwa hiyo wanakwenda kwenye lile la mbali, asubuhi kwenda na jioni kurudi. Nilipofika nikawakuta wamesimama kivulini wanahema midomo wazi saa nane mchana. Viinitete vile vilikuwa na daraja zuri. Waliochoka walikuwa mama zao wa kubeba. Tuliwatenga wachache, wakaletewa maji nyumbani kwa mkokoteni wa punda na kukatiwa majani, wakapumzishwa mpaka mwili ukarudi. Msimu uliofuata mzee alinipigia tena, na safari hii alianza yeye kunisalimu.

Kuhusu joto la jua, kuna habari njema. Kiinitete huumia zaidi na joto la mwili wa mama katika siku zake mbili tatu za kwanza. Kikifika siku ya 7 kimeshakuwa na uvumilivu. Hii ni sababu mojawapo ya uhawilishaji kufaa nchi za joto kuliko watu wanavyodhani. Hata hivyo kivuli na maji karibu havina mbadala.

Siku ya sifuri

Kila kitu kinahesabiwa kuanzia ng'ombe aliposimama kupandwa. Kiinitete cha siku 7 kinataka kizazi cha siku 7. Tofauti ya siku moja mbele au nyuma inavumilika. Zaidi ya hapo mimba hupungua haraka, kwa sababu kizazi kinakuwa kinatoa virutubisho na ishara za umri mwingine. Kati ya siku ya 15 na ya 17 kiinitete lazima kiwe kimekua kiasi cha kumjulisha mama kwamba kipo. Kikichelewa, mwili wa mama unavunja mzunguko na kuanza joto jipya.

Ili wabebaji waingie joto kwa pamoja tunatumia homoni. Njia rahisi ni sindano mbili za prostaglandini kwa tofauti ya siku 11 hadi 14, na wengi huonyesha joto kati ya siku ya 2 na ya 5 baada ya sindano ya pili. Ipo pia njia ya kuweka kifaa chenye projesteroni ukeni kwa siku kadhaa, ambayo huwasaidia hata wale waliokuwa hawajaanza mzunguko vizuri. Kabla ya sindano hiyo pima mimba kila ng'ombe, maana prostaglandini huporomosha mimba changa. Na kina mama wenzangu, hili nawaambia kwa moyo wote: dawa hii hupenya kwenye ngozi. Mwanamke mjamzito au anayehisi ni mjamzito asiishike, na mwenye pumu vilevile. Wengine wote wavae glavu.

Sasa kuangalia joto. Zebu na Boran hawana makelele kama ng'ombe wa maziwa. Joto lao ni fupi, mara nyingi saa 10 hivi, na wanapenda kulionyesha usiku au alfajiri. Mchungaji akikuambia "sijaona kitu" baada ya kuwaangalia saa nne asubuhi, hajakosea, amechelewa. Weka mtu zizini kuanzia saa kumi na moja alfajiri, jioni kuanzia saa kumi na mbili, na akiweza aamke usiku mara moja na tochi. Akae kimya, asiwasukume. Dalili inayoaminika ni moja, kusimama akapandwa na mwenzake bila kukimbia. Ute mwangavu unaovutika, kunusanana, kukojoa mara kwa mara na kuweka kidevu juu ya mgongo wa mwenzake ni dalili za kukuambia endelea kukodoa macho. Paka rangi au chaki nene juu ya shina la mkia. Asubuhi ukikuta imefutika na nywele zimesuguliwa, kuna aliyempanda.

Andika jina au namba ya ng'ombe, siku na saa. Aliyesimama Jumatatu alfajiri hupandikizwa Jumatatu inayofuata. Aliyesimama Jumanne jioni huyo ni wa Jumanne au Jumatano, na kama mtaalamu anakuja Jumatatu tu, mwambie ukweli ili aamue mwenyewe. Kumficha saa ni kumfanya apandikize gizani.

Na dume je? Liondoke. Huku tunachunga pamoja, na lamboni kunakutana makundi ya ukoo mzima na madume yao. Mbebaji aliyeingia joto Jumanne akapita lamboni Jumanne hiyohiyo anaweza kuwa amebeba mimba ya dume la jirani, kisha ukampandikizia kiinitete cha pili juu yake. Matokeo ni mapacha wenye shida au ndama wa Kisukuma uliyemlipia bei ya Boran. Kuanzia sindano ya kwanza hadi siku ya kupima mimba, wabebaji walale na kunywa mahali ambapo dume zima haliwafikii.

Siku ya saba, kwenye kibanio

Kibanio, yaani kizuizi cha kumbana ng'ombe atulie, kiwe kimetengenezwa, kisitikisike, kiwe na kivuli. Waletwe taratibu, bila fimbo na bila mbwa. Ng'ombe aliyepigwa na kukimbizwa anamwaga homoni za hofu zinazoharibu kazi yote iliyotangulia.

Kwanza namwingiza mkono kwenye mkundu, nikiwa na glavu ndefu na kilainishi cha kutosha, kutafuta ovari. Baada ya yai kutoka, mahali lilipotoka panajengeka kinundu cha manjano kinachozalisha projesteroni. Kwa vidole kinahisika kama tonge dogo la ini lililojitokeza juu ya ovari, gumu kiasi kuliko ovari yenyewe. Kwa zebu kinundu hiki huwa kidogo na wakati mwingine kimejificha ndani, kwa hiyo mwenye mashine ya picha ya mawimbi ya sauti aitumie. Nikikosa kinundu, ng'ombe huyo anatoka kwenye kibanio hata kama mwenyewe anasisitiza kwamba alimwona kwenye joto. Nikikipata, naandika upande: kulia au kushoto. Kiinitete lazima kiwekwe kwenye pembe ya kizazi ya upande huohuo. Upande wa pili mimba hushuka sana.

Kisha ganzi kidogo ya lidokeini, mililita 5 hivi kwa ng'ombe wa kawaida, inadungwa kwenye kiungo cha shina la mkia. Mkia ukilegea, utumbo unaacha kukaza na mkono unafanya kazi bila kulazimisha. Uke na eneo lote la nje vinaoshwa na kukaushwa.

Mrija hauguswi mpaka ng'ombe awe tayari. Soma maandishi yake ukiwa bado ndani ya mtungi, chini ya shingo: aina, wazazi, tarehe, daraja, na namna ulivyogandishwa. Ile ya kupandikiza moja kwa moja, iliyogandishwa kwa ethileni glaikoli, hutolewa ikashikwa hewani kwa sekunde 5 hadi 10, kisha kwenye maji ya nyuzi 25 hadi 30 kwa sekunde 10 hadi 15. Kipimajoto kiwepo, mkono si kipimajoto. Iliyogandishwa kwa gliseroli ina utaratibu mwingine unaohitaji darubini, usichanganye. Mrija ukaushwe kabisa, ukatwe, upakiwe kwenye chuma cha kupandikizia, uvalishwe ala safi na kifuniko cha plastiki cha kuzuia uchafu wa uke usiingie kizazini. Kutoka maji hadi kizazi zisipite dakika 10.

Kupita shingo ya kizazi hakutaki nguvu. Ukifika kwenye pembe, songa mbele kadiri inavyoruhusu bila kuchubua, kisha sukuma kiinitete polepole. Fundi anayelazimisha kufika mbali zaidi huacha jeraha, na damu kwenye ncha ya chuma ni dalili mbaya. Bora kukiacha sehemu ya kati ya pembe ukiwa mpole kuliko kukifikisha mwisho kwa ubabe. Mfugaji, una haki ya kuuliza fundi wako anashikisha wangapi kati ya anaowapandikizia, na kuona daftari lake.

Baada ya hapo

Wabebaji wabaki pale pale, kundi lilelile, chakula kilekile. Kuwapakia kwenye lori ni hatari kubwa kuanzia siku ya 5 hadi ya 42 tangu joto, kwa hiyo kama walikodiwa Sengerema na wewe uko Misungwi, daraja la Kigongo–Busisi limerahisisha safari lakini halijaondoa mtikisiko. Wahamishe wiki nyingi kabla ya kazi, au wasubiri mpaka mimba ithibitishwe na kuimarika.

Kuanzia siku ya 11 baada ya kupandikiza, rudisha yule mtu wa alfajiri na tochi yake, aendelee kwa wiki moja na nusu. Aliyerudi joto andika, na kama mwili wake ni mzuri anaweza kupangwa tena. Asiyerudi usimtangaze bado. Mashine ya picha inaona mimba kuanzia siku ya 28 hadi 30 tangu joto. Kwa mkono, subiri siku 60 uwe na uhakika bila kuumiza. Hata aliyepimwa siku ya 30 arudiwe siku ya 60, kwa sababu nyingine hupotea katikati, hasa zile za viinitete vya maabara.

Waliothibitishwa watenganishwe kwenye daftari na tarehe ya kuzaa iandikwe pembeni ya kila mmoja: miezi tisa tangu siku ya kupandikiza. Wiki tatu kabla ya tarehe hiyo mlete karibu na nyumba, mtu awe anamwangalia usiku, na namba ya daktari iwe kwenye simu ya mchungaji, si kwenye ya mwenye ng'ombe aliyeko mjini.